Ubavu wa Kushoto, Saa Nane

Namba yangu ilikuwa nzuri mno. Asilimia tisini na sita. Niliipata Jumanne mchana ndani ya stoo ya kumbukumbu, chumba kisicho na dirisha kilichonuka karatasi mbichi na mavi ya panya, baada ya wiki tatu za kufungua mafaili kwa vidole vilivyokuwa vyeusi kwa vumbi. Zilikuwa fomu mia nne na kumi na mbili za kugeuza wagonjwa wa wodi moja tu, wodi ya waliopooza na waliovunjika. Kila fomu ina visanduku kumi na viwili, kimoja kwa kila saa mbili za siku. Muuguzi akimgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza, huandika upande aliomlaza: kushoto, kulia au chali. Asipomgeuza, kisanduku hubaki kitupu, na mgonjwa hubaki alivyolala hadi nyama yake ianze kuoza ikiwa hai. Hivyo ndivyo vidonda vya kulalia. Kati ya kila visanduku mia, tisini na sita vilikuwa vimejazwa. Nilicheka peke yangu mle ndani kama mwehu.

Nilikuwa nikiamini, na hata sasa ninaamini, kwamba mgonjwa hapaswi kuuguzwa kwa mazoea ya aliyetangulia kazini, bali kwa ushahidi. Utafiti wangu wa shahada ulikuwa wa mbinu mchanganyiko: kwanza namba, kisha maneno. Namba zingenieleza wagonjwa hugeuzwa mara ngapi. Wagonjwa wenyewe na ndugu zao wangenieleza hugeuzwa vipi. Mwishoni ningeziketisha pande hizo mbili uso kwa uso nisikie zinaambiana nini. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo niliyoipenda. Niliiwazia kama arusi, wala haikunijia kwamba bwana na bibi arusi wangeweza kufika ukumbini wakitemeana mate.

Mhadhiri wangu, mtu mpole mwenye mashati yaliyopigwa pasi hadi kwenye kola, aliitazama ile namba kwa muda mrefu.

“Binti, hii ni dhahabu,” akasema. “Kamati ya ubora ya hospitali inakutana Ijumaa ijayo. Wanaandika mwongozo mpya wa wodi, na wananiomba takwimu kila siku. Nitawapelekea leo hii.”

“Lakini sijawahoji watu, mwalimu. Nusu ya pili bado.”

“Maneno utayamalizia polepole. Yatapamba sura ya nne.”

Akaipeleka. Nami niliona fahari, nikampigia mama simu kumweleza kwamba kazi ya mwanawe itaingia kwenye mwongozo wa hospitali. Mama akapiga kigelegele kilichonipasua sikio.

Siku ya pili niliingia wodini na daftari langu.

Harufu ilinipokea kabla ya mtu yeyote. Wodi ile ilinuka dawa ya sakafu, mkojo uliokaukia kwenye magodoro, uji uliopoa, na chini ya vyote hivyo kitu kitamu kitamu, kama matunda yaliyosahauliwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nilipofanya mazoezi yangu ya uuguzi ya wiki sita humo mwaka uliotangulia nilikuwa nimeizoea. Sasa niliziba pua kwa ukingo wa daftari.

Kitanda cha tisa alilala mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mwanamke mwembamba ambaye kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia pamoja na ulimi wake. Aliyeketi kando yake kwenye ndoo iliyofudikizwa alikuwa binti yake, fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini hivi mwenye tepu ya kupimia shingoni, kana kwamba wakati wowote mteja angetokea chini ya kitanda. Nilijitambulisha, nikamweleza haki yake ya kukataa, nikamuuliza swali langu la kwanza.

“Dada, nani humgeuza mama?”

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa nani humtafunia chakula.

“Upepo,” akasema.

Mgonjwa wa kitanda cha saba aliangua kicheko kilichoishia kwenye kikohozi.

“Nakuuliza kwa dhati, dada.”

“Na mimi nakujibu kwa dhati. Kama si mimi, basi ni upepo. Wewe unamwona nani mwingine hapa? Tazama.” Akanyanyua kona ya shuka. Kwenye chuma cha kitanda zilining'inia nyuzi fupi fupi, nyingi kama ndevu, nyeupe na nyeusi kwa zamu. “Nikimlaza kushoto, nafunga nyeupe. Nikimlaza kulia, nyeusi. Kichwa changu kimechoka, mdogo wangu, kinaweza kusahau. Uzi hausahau.”

“Na chali?”

“Chali simlazi kabisa. Tulipokuja, mgongo ulikuwa umeanza kuiva. Nilimlaza chali siku moja tu, ngozi ikataka kubanduka kama ya nyanya iliyochemshwa.”

Fomu ya siku hiyo ilining'inia miguuni pa kitanda kwenye ubao wake. Niliinyanyua ili nilinganishe. Saa mbili asubuhi: kushoto. Saa nne: kulia. Saa sita mchana: chali. Saa nane: kushoto. Saa kumi: kulia. Saa kumi na mbili jioni: chali. Maandishi yalikuwa safi, yamenyooka, kila herufi imekaa mahali pake.

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

 Nikaenda kitanda cha nane: imejazwa hadi jioni. Cha kumi: hadi jioni. Fundi alikuwa akinifuata kwa macho.

“Kama una roho ngumu,” akasema kwa sauti ya chini, “mtazame na wa kumi na moja.”

Wa kumi na moja alikuwa mlinzi wa zamani, mzee aliyevunjika uti wa mgongo, ambaye hakuna ndugu aliyewahi kuja kumuulizia. Fundi alimshika bega, mimi nikashika nyonga, tukamwinua kidogo. Shuka lilikuja pamoja naye. Lilikuwa limegandana na mwili, na lilipoachia lilitoa sauti ndogo ya unyevu ambayo mpaka leo huisikia nikibandua karatasi yoyote iliyoloa. Chini ya kiuno palikuwa na shimo la ukubwa wa kisahani cha chai, kingo zake nyeusi, ndani kijivu, na katikati ya kijivu kitu cheupe kilichong'aa. Nilijua kwamba ni mfupa. Nilijua pia, bila kugeuka, kwamba fomu yake ingesema ubavu wa kushoto, saa nane.

“Samahanini, wanangu,” mzee alisema, uso ameuzamisha kwenye mto. “Najua nanuka.”

 Fundi ndiye aliyemjibu: “Wananuka waliokulaza hivi, babu. Wewe tulia.”

Tulipomaliza, fundi alinawa mikono kwenye beseni akanikabidhi sabuni.

“Nikipata nguvu namgeuza na yeye,” alisema. “Lakini wiki ijayo sijui. Tunasikia wanatutoa. Ndugu wote nje, saa moja tu ya kutazama mgonjwa jioni, kisha kwaheri.”

“Nani kasema?”

“Sista wa zamu. Eti kuna msomi kahesabu, kaona wauguzi wanatosha, sisi tunajaza watu tu. Huyo msomi nikimtia mkononi, nitamshona mdomo kwa sindano ya magunia, bila ganzi.”

Alicheka. Mama yake, kwa nusu ya uso iliyobaki hai, alijaribu kucheka pia. Mimi niliikunja fomu yangu ya ridhaa mara mbili, mara nne, na sikusema kwamba msomi huyo alikuwa amesimama mbele yake akinawa kwa sabuni yake.

Msimamizi wa wodi tulimwita Bibi Saa, kwa sababu ya saa ndogo aliyoibandika kifuani kwa pini, na kwa sababu hakuna aliyechelewa zamu yake akasalimika. Nilimkuta kwenye meza ya wauguzi akipanga dawa. Nilimwonyesha fomu ya kitanda cha tisa bila salamu, utovu wa adabu ambao sikuwahi kuufanya.

“Sista, hata saa nne haijafika. Hapa pameandikwa saa kumi na mbili jioni.”

Hakuinua kichwa. “Unajua kusoma. Hongera.”

“Ni uongo.”

“Ni karatasi,” akasema. “Punguza sauti, kuna wagonjwa. Karatasi tunaimaliza asubuhi ili mchana tupate muda wa kazi. Tusipoijaza tunaandikiwa barua. Tukiijaza kwa saa yake, nani atachoma sindano?”

“Lakini hamwageuzi! Mzee wa kumi na moja anaoza!”

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, na ndani yake niliona kitu ambacho sikukitarajia: alikuwa ananionea kinyaa kama mimi nilivyomwonea yeye.

“Mwanangu, ulikuwa hapa wiki sita. Koti lako jeupe, kalamu nne mfukoni. Ulijaza kwa saa yake wewe?”

“Mimi?”

“Nyani haoni kundule,” akasema, akarudi kwenye dawa zake.

Nilitoka nikiwa nimekasirika, na hasira ilinifikisha hadi kwenye mlango wa stoo. Kwenye jedwali langu la kompyuta nilikuwa nimeweka safu ya namba ya mgonjwa, ya tarehe, ya saa na ya upande. Safu ya saini sikuiweka. Haikuwa na haja, nilidhani: nilikuwa nikipima kazi, si mtu. Kwa hiyo nilikuwa nimezipitisha fomu mia nne na kumi na mbili machoni pangu bila kutazama hata mara moja ile pembe ya chini ambako aliyejaza huweka herufi za jina lake.

Nilitafuta tarehe za wiki zangu sita. Haikuchukua nusu saa. Herufi zangu zina mikia mirefu. Nilijifunza kuziandika hivyo sekondari nikajiona mtu wa maana. Nilizikuta kwenye fomu thelathini na moja.

Sikuwa nimesahau kwamba nilizijaza. Hilo ndilo linalonichefua zaidi. Nilikumbuka vizuri nilivyoonyeshwa siku ya kwanza, nilivyoketi kila asubuhi nikaandika kushoto, kulia, chali, kama mtoto anayeandika adhabu, huku nikikusudia kwa moyo mweupe kwamba mchana nitayatimiza niliyoyaandika. Siku nyingine nilitimiza mawili. Nilipozikuta fomu zile zile ndani ya stoo, zimegeuka ushahidi, nilizipokea kwa heshima. Uongo wangu ulikuwa umelala mwaka mmoja gizani, ukaamka ukiitwa takwimu.

Fomu ya ishirini na tatu niliishika muda mrefu. Niliitambua kwa tarehe. Siku hiyo alifariki dereva wa lori wa kitanda cha nne, mtu wa kwanza kufia mikononi mwangu. Nilimfunga taya kwa bandeji mimi mwenyewe, na Bibi Saa alitazama saa yake ya kifuani akasoma kwa sauti ili niandike kwenye faili: saa tano na dakika ishirini asubuhi. Fomu ya kugeuza ilisema: saa sita mchana, chali. Saa nane, ubavu wa kushoto. Saa kumi, ubavu wa kulia. Marehemu aligeuzwa hadi jioni, kwa mwandiko wangu wenye mikia. Nami, wiki moja kabla ya hapo, nilikuwa nimemhesabu miongoni mwa tisini na sita.

 Kisha nikapiga nakala ya fomu hiyo.

Mhadhiri alinisikiliza hadi mwisho. Nilimweleza juu ya nyuzi, juu ya shimo la mzee, juu ya saini. Kwenye saini alivua miwani yake akaifuta.

“Umewahoji wangapi?”

“Kumi na wawili. Wote wanasema hivyo hivyo.”

“Kumi na wawili,” alirudia. “Dhidi ya fomu mia nne. Binti, weka maneno yao kwenye kiambatisho. Ulifanya kosa la mwanafunzi, kila mtu amelifanya, hata mimi. Ukilisema hadharani, chuo kitakuita kwenye nidhamu, nami sitaweza kukukinga. Kaa kimya, umalize shahada, kisha uubadilishe uuguzi ukiwa na cheo.”

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Aliyasema yale yale ambayo mimi ningejiambia.

“Na yule fundi akitolewa nje Jumatatu asubuhi,” nikasema, “mama yake nani atamgeuza?”

Mhadhiri alivaa miwani. “Hilo si swali la utafiti wako.”

Ijumaa kamati ilikaa saa nne asubuhi kwenye chumba chenye zulia. Mezani kulikuwa na chai na biskuti; mganga mkuu aliyeongoza kikao alikuwa na chembe za biskuti kwenye mdomo wa juu, na kila alipotamka “ubora” zilirukaruka. Walikuwapo muuguzi mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, Bibi Saa aliyeitwa kwa niaba ya wodi, na mhadhiri wangu. Kipengele cha ndugu wa wagonjwa kilisomwa. “Kwa kuwa utafiti umeonyesha kwamba asilimia tisini na sita...” Nilinyanyua mkono.

Niliwapa kwanza maneno ya fundi kama alivyoyasema, upepo na vyote. Mtu mmoja alicheka. Niliwapa hesabu ya nyuzi zake, ambazo alinikopesha zimefungwa kwenye leso: siku kumi na nne, mageuzo mia moja hamsini na tisa, hakuna chali hata moja. Nikawapa fomu za siku hizo hizo kumi na nne: chali hamsini na sita. Kisha nikaweka mezani, katikati ya vikombe, nakala ya fomu ya dereva, na kando yake cheti cha kifo chake, majina nikiwa nimeyafunika kwa karatasi.

Vikombe viliacha kugonga visahani.

“Mwandiko huu ni wa nani?” mganga mkuu aliuliza.

“Wangu.”

Alinitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye chai. “Kwa hiyo wewe unakiri kwamba uliandika uongo. Na sasa unataka tukuamini?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote ila hilo. 

“Aminini fomu hiyo moja, daktari,” nikasema. “Kati ya mia nne na kumi na mbili, ndiyo pekee mnayojua ilivyoandikwa. Mimi ningeanza kuhesabu upya kutokea hapo.”

Mhadhiri alikuwa akisoma zulia. Muuguzi mkuu alimgeukia Bibi Saa.

“Sista, mchana mnakuwa wauguzi wangapi?”

“Wawili, mama. Kwa vitanda thelathini na vinane.”

“Na mtu aliyepooza hugeuzwa na watu wangapi?”

“Wawili.” Bibi Saa aligusa saa yake ya kifuani. “Tumeliandika hilo mara tatu, mama. Tulijibiwa kwamba fomu zinaonyesha tunaweza.”

Hakuna aliyekula tena biskuti.

Kipengele cha ndugu kilifutwa kwa kalamu nyekundu, hadi wodi ihesabiwe upya na watu wanaosimama kando ya vitanda. Hawakuongeza wauguzi, walisema litatazamwa. Mimi nilipewa barua ya nidhamu Jumatatu, na shahada yangu ikasogezwa mwaka mmoja. Nilimpigia mama simu tena. Safari hii hakukuwa na kigelegele. Aliuliza tu kama nimekula.

Nilirudi wodini siku hiyo hiyo kurudisha nyuzi. Fundi alizipokea akazifunga upya kwenye chuma, moja moja.

“Yule msomi nimemjua,” alisema bila kunitazama. “Sista ameniambia.”

“Nimekuja na mdomo wangu, dada.”

“Sindano nimeiacha nyumbani.” Akavuta uzi mweusi kwa meno. “Usifikiri nimekusamehe. Shika shuka huko.”

Tulimgeuza mama yake. Kisha Bibi Saa alikuja, amevaa glavu, ameshika jozi nyingine mkononi. Alinitupia.

“Wa kumi na moja,” alisema. “Na usigeuze uso.”

Shuka liliachia kwa sauti ile ile. Harufu ilipanda ikaniingia puani, mdomoni, hadi machoni. Shimo lilikuwa limepanuka. Nilimshikilia mzee kwa ubavu wakati Bibi Saa akisafisha, na mara zote mbili nilipotaka kutazama dirisha, alisema tu, “Mtafiti,” nami nikarudisha macho.

Tulipomaliza alining'iniza fomu mpya kwenye ubao akanipa kalamu. Visanduku vyote kumi na viwili vilikuwa vitupu. Alitazama saa yake.

“Saa nane na dakika tano.”

Niliandika: ubavu wa kushoto. Mkono wangu, kwa mazoea, ulikwisha kuteremka kwenye kisanduku cha saa kumi. Bibi Saa aliichukua kalamu kwenye vidole vyangu, kwa namna mtu anavyomwondoa inzi kwenye kidonda.